Umefuta rekodi kwenye FoxPro, nayo haijafutika: pa kuanzia kutafuta kosa

Simu za namna hii huja mwisho wa mwezi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wale wanachama tuliowatoa mwezi uliopita wamerudi, na madeni yao juu."

Alikuwa mhasibu wa chama cha kuweka na kukopa ambacho programu yake iliandikwa zamani kwa Visual FoxPro, lugha ya Microsoft ya kuandikia programu za kanzidata. Aliyeiandika alishahama mji, mimi nikairithi. Nilimuuliza swali moja tu: leo kuna mtu amegusa kompyuta? Ndiyo, fundi alikuja asubuhi kuweka mashine mpya. Basi nikajua. Fundi alihamisha programu na majedwali, akaliacha kwenye mashine ya zamani faili dogo la mipangilio, CONFIG.FPW, lenye mstari mmoja: DELETED=ON. Mstari ule ndio uliokuwa ukiwaficha wanachama waliofutwa. Hawakuwa wamekwenda popote. Walikuwa humo humo ndani ya jedwali siku zote.

Ukitoka kwenye MySQL au PostgreSQL, jambo hili linachanganya. Kule ukisema DELETE, rekodi huioni tena. Kwenye FoxPro, DELETE huweka alama tu kwamba rekodi hii imekusudiwa kufutwa. Desturi hii ilianzia kwenye dBASE ya Ashton-Tate mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati data ilikaa kwenye diski laini, na kusogeza rekodi zote ili kuziba pengo moja ilikuwa kazi ya kwenda kunywa chai na kurudi. FoxPro ikairithi. Microsoft wakainunua Fox Software mwaka 1992, toleo la mwisho la Visual FoxPro, la 9, likatoka 2004, na msaada wake ukakoma Januari 2015. Simu hazijakoma.

Ndani ya faili kuna nini

Kabla ya kugusa chochote, angalia alama yenyewe kwa macho yako. Chukua jedwali hili:

CREATE TABLE wanachama (namba C(6), jina C(30), simu C(13), salio N(12,2))

Jumlisha upana: 6 + 30 + 13 + 12 ni 61. Lakini FoxPro hutenga baiti 62 kwa kila rekodi. Ile moja ya ziada hukaa mwanzoni kabisa, mbele ya namba ya mwanachama, na ndiyo alama yetu. Rekodi ikiwa hai, baiti hiyo ni nafasi tupu, 20 kwa heksadesimali. Ikifutwa, inakuwa kinyota, 2A.

Kichwa cha faili hili la DBF kina baiti 424: 32 za mwanzo, 32 kwa kila moja ya sehemu nne, moja ya kufungia, na 263 ambazo Visual FoxPro huongeza kwa ajili yake. Kwa hiyo rekodi ya 17 inaanzia baiti ya 424 + 16 × 62, yaani 1,416. Tengeneza nakala ya faili, ifungue kwa kihariri cha heksadesimali, nenda hapo. Halafu rudi FoxPro, andika DELETE RECORD 17 kwenye nakala hiyo hiyo, funga, fungua tena. Jina lipo, simu ipo, salio lipo mpaka senti. Kilichobadilika ni kinyota kimoja. Ukiandika RECALL RECORD 17, kinyota kinaondoka na mwanachama anarudi kazini.

Hivyo kuna mambo matatu, na kila moja lina amri yake: kuweka alama (DELETE), kuficha vilivyowekewa alama (SET DELETED ON), na kuviondoa kabisa kwenye faili (PACK). Karibu kila lalamiko nililowahi kupokea ni mtu aliyefanya moja akadhani amefanya jingine. Anza kwa kuuliza jedwali lenyewe:

? SET("DELETED")
SET DELETED OFF
COUNT FOR DELETED() TO waliofutwa
COUNT TO wote
? waliofutwa, wote, RECCOUNT()

Usiruke ule mstari wa pili. Ukihesabu FOR DELETED() huku SET DELETED iko ON, utapata sifuri, kwa sababu umeomba rekodi zilizofichwa zijihesabu zikiwa mafichoni. Nimeona mtu akitangaza "hakuna kilichofutwa" kwa hesabu ya aina hiyo, kisha akapoteza mchana mzima kutafuta kosa kwenye kitufe ambacho kilikuwa kizima.

Waliofutwa wakiwa zaidi ya sifuri, alama imewekwa na shida iko kwenye kuficha. Wakiwa sifuri, ama alama haikufika kwenye diski ama mtu ameshafanya PACK.

"Nimefuta, bado naiona"

Sababu ya kwanza ni ya yule mama: SET DELETED iko OFF, na hiyo ndiyo hali ya kuzaliwa nayo ya Visual FoxPro. Andika SET DELETED ON kwenye programu kuu, mstari wa juu kabisa, usiiachie CONFIG.FPW inayokaa nje kama kadi ya mgonjwa.

Sababu ya pili ni kielekezi, yaani alama ya ndani inayoonyesha FoxPro iko kwenye rekodi gani. Ukishafuta, kielekezi kinabaki palepale juu ya rekodi uliyoifuta, na fomu inaendelea kuionyesha hata kama SET DELETED iko ON. Mtumiaji anaona jina bado lipo, anabonyeza Futa tena, anaona bado lipo, anakupigia. Sogeza:

DELETE IN wanachama
SELECT wanachama
SKIP
IF EOF()
   GO BOTTOM
ENDIF
THISFORM.Refresh()

Kama uliyemfuta ndiye pekee aliyekuwa amebaki hai, GO BOTTOM nayo itakuacha kwenye EOF(), yaani mwisho wa faili pasipo na rekodi, kwa hiyo kagua kabla ya kuonyesha fomu iliyo tupu.

Sababu ya tatu inajitambulisha kwa namna yake: "nafuta, inaondoka, nikifunga fomu nikafungua tena imerudi." Hapo jedwali lina bafa, mahali mabadiliko yanaposubiri kabla ya kuandikwa kwenye faili. Kama fomu imewekewa bafa ya jedwali zima (namba 5 kwenye CURSORSETPROP), alama yako imeandikwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta yako tu, haijafika kwenye diski. Wenzako kwenye mtandao wanaiona rekodi ikiwa hai muda wote huo. Inahitaji TABLEUPDATE, na TABLEUPDATE inahitaji kuulizwa imefanikiwa au la:

IF NOT TABLEUPDATE(1, .F., "wanachama")
   AERROR(laKosa)
   MESSAGEBOX(laKosa[2])
   TABLEREVERT(.T., "wanachama")
ENDIF

Wengi huandika TABLEUPDATE() peke yake wakaendelea na safari. Ikirudisha .F. hakuna kengele inayolia. Bafa ya rekodi moja (namba 3) haina usumbufu huu, maana kielekezi kikisogea tu inajiandika yenyewe.

Ya nne ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu kuna kitu kimefutwa kweli, ila siyo ulichokusudia. DELETE bila IN hufuta kwenye eneo la kazi (nafasi ambamo FoxPro hufungua jedwali moja) lililochaguliwa wakati huo. Kama kuna msimbo uliopita juu yake ukaita SELECT marejesho na haukurudi, umemwacha mwanachama ukafuta malipo yake. Mimi siku hizi siandiki DELETE tupu. Naandika DELETE IN wanachama, au DELETE FROM wanachama WHERE namba = m.namba, nayo ile ya pili uisome mara mbili kabla ya kubonyeza Enter: bila WHERE inaweka kinyota kwenye jedwali zima. Siku hiyo ndipo utakaposhukuru kwamba FoxPro inaweka alama tu.

"Fomu hii zimefichwa, fomu ile zinaonekana"

Angalia sifa ya DataSession kwenye ile fomu inayoonyesha. Ukikuta 2, umepata. Fomu yenye sesheni yake binafsi ya data haisikii SET DELETED uliyoandika kwenye programu kuu. Inaanza upya na hali ya kuzaliwa nayo, OFF. Iandike tena kwenye Load ya fomu hiyo, au afadhali kwenye darasa la fomu ambalo fomu zako zote zinarithi.

Kuna dalili ndugu inayothibitisha ugonjwa. Kama fomu hiyo hiyo inaonyesha tarehe kwa mtindo wa Marekani, mwezi mbele ya siku, wakati fomu nyingine zinaonyesha vizuri, basi sababu ni moja. SET DATE nayo hufungwa ndani ya sesheni.

"Hesabu hazilingani"

Ripoti inasema wanachama 312, kona ya skrini inasema 340. Mtu ametumia RECCOUNT(). Hiyo husoma idadi iliyoandikwa kwenye kichwa cha faili, na kichwa hakijui vinyota. COUNT, SUM, SCAN na SELECT ya SQL zote hutii SET DELETED, RECCOUNT() haitii. GO 17 nayo haitii: ukitaja rekodi kwa namba yake utapelekwa, iwe hai iwe imefutwa.

Kuna mtego mmoja hapa unaowanasa hata wazoefu. SELECT ... INTO CURSOR yenye masharti mepesi inaweza isitengeneze jedwali jipya la muda. FoxPro inalichuja tu lile la asili na kulipa jina jingine. Ukiuliza RECCOUNT() ya matokeo hayo unajibiwa idadi ya jedwali zima, pamoja na waliofutwa. Ongeza NOFILTER, au tumia _TALLY mara tu baada ya SELECT.

"Rekodi zinatoweka zenyewe"

Hazitoweki zenyewe. Kwenye gridi, upande wa kushoto kabisa, kuna kisafu chembamba cheupe ambacho ukikibofya kinakuwa cheusi. Watu wengi hawajui ni cha nini. Wanabofya ili "kuchagua" mstari, wanaona umekuwa mweusi, wanaridhika kwamba umechaguliwa. Kumbe wamefuta. Kama SET DELETED iko ON, gridi ikijichora upya mstari haupo. Kwenye dirisha la BROWSE, Ctrl+T inafanya kazi hiyo hiyo. Sifa inayotawala kisafu hicho inaitwa DeleteMark, na huanza ikiwa .T. Iweke .F. kwenye kila gridi uliyo nayo, leo.

Chanzo kingine ni uhusiano wa majedwali. Ukiwa na triga ya kufuta (msimbo unaojiendesha wenyewe rekodi ikifutwa) inayoshuka kutoka kwa jedwali mzazi hadi kwa watoto, kumfuta mwanachama kunaweka kinyota kwenye mikopo yake na marejesho yake. Halafu anayegundua kosa anafanya RECALL kwa mwanachama, anamwona amerudi, anaondoka. Watoto bado wamefutwa. RECALL huamsha triga ya kuingiza rekodi, haiamshi kinyume cha ile ya kufuta. Uwarudishe watoto wewe mwenyewe, jedwali kwa jedwali.

"RECALL ALL hairudishi kitu"

SET DELETED OFF kwanza. Ikiwa ON, RECALL ALL haioni wa kumrudisha.

Na kabla ya kuandika ALL, fikiri: jedwali la miaka kumi lina vinyota vya miaka kumi. Ukirudisha wote ili kumwokoa mmoja aliyefutwa asubuhi, umefufua makaburi yote. Tumia RECALL FOR yenye sharti. Kama jedwali halina sehemu inayosema nani alifutwa lini (na mengi ya zamani hayana), rejea bakapu ya jana, orodhesha namba za walio hai jana ambao leo wana kinyota, kisha warudishe hao tu.

"Namba hii tayari ipo" na wewe umeshaifuta

Mwanachama 000217 alijitoa, mkamfuta. Mwaka huu karudi, mnataka kumpa namba yake ileile. FoxPro inakataa: Uniqueness of index NAMBA is violated, kosa la 1884. Karani anaapa kwamba namba haipo, nawe ukitafuta huioni. Ipo. Faharasa (index), ile orodha ya kutafutia rekodi haraka, hubeba rekodi zote, zenye kinyota na zisizo nacho. SET DELETED haiathiri INDEX wala REINDEX.

Tiba ya kwanza ni kuichuja faharasa:

INDEX ON namba TAG namba CANDIDATE FOR NOT DELETED()

Ina gharama zake. Faharasa iliyochujwa haitumiwi na Rushmore, ile injini ya kuharakisha utafutaji, kwa hiyo weka na nyingine ya kawaida juu ya namba kwa jina tofauti. Pia, ukishampa mtu mpya namba 000217, kumrudisha yule wa zamani kwa RECALL kutakwama kwenye kosa lile lile. Na usipitie jedwali kwa SCAN huku ukifuta wakati faharasa kama hii ndiyo inayoongoza mpangilio: kila unayemfuta anatoka kwenye faharasa chini ya miguu yako, na SKIP inayofuata haina mahali pa kuhesabia. Andika SET ORDER TO, bila jina, kabla ya kuanza.

Tiba ya pili, ninayoipenda zaidi kwenye majedwali yanayofutwafutwa kama foleni au orodha za muda, ni kutumia rekodi zilizokufa badala ya kuongeza mpya. Tafuta yenye kinyota, ifunge kwa RLOCK(), andika data mpya juu yake, kisha RECALL. Faili halikui na PACK huihitaji.

"PACK inakataa"

File must be opened exclusively, kosa la 110. PACK inataka jedwali liwe lako peke yako, kwa sababu inaliandika upya zima. Huo ni upande rahisi. Ugumu ni kujua nani mwingine analishika.

Mara nyingi ni wewe. Jedwali lile lile limefunguliwa kwenye eneo jingine la kazi, au kwenye fomu nyingine yenye sesheni yake, ndani ya programu yako mwenyewe. Halafu kuna tofauti inayofanya PACK ikubali kwenye dirisha la amri la mwandishi wa programu na kukataa kwa mteja: SET EXCLUSIVE huzaliwa ON kwenye sesheni ya kawaida, OFF kwenye sesheni binafsi. Usitegemee hali ya kuzaliwa nayo. Andika wazi:

USE IN SELECT("wanachama")
USE wanachama EXCLUSIVE IN 0
SELECT wanachama
PACK
USE

Kama USE ... EXCLUSIVE ndiyo inayokwama, mshikaji yuko kwenye kompyuta nyingine. Nenda kwenye seva, fungua Computer Management, kwenye Shared Folders uangalie mafaili yaliyo wazi. Jina la mtumiaji utaliona. Mwombe atoke. Usimkatie, maana huenda yuko katikati ya kuandika.

Ikiwa kosa linasema jedwali lina bafa, funga bafa kwanza. PACK haifanyi kazi kwenye jedwali lenye bafa ya aina ya 5, hata ukiwa peke yako.

Sasa niseme ninachokiamini: PACK haifai kuwa kitufe kwenye menyu ya mtumiaji. Inapofanya kazi, inanakili rekodi zisizo na kinyota kwenye faili la muda, inafuta faili la asili, inalipa la muda jina la asili, halafu inajenga faharasa upya. Ukibonyeza Esc katikati, au diski ikijaa, FoxPro inarudisha la zamani kama lilivyokuwa. Umeme ukikatika haulizi. Nimewahi kuitwa mahali ambapo karani alibonyeza "Safisha data" saa kumi na moja jioni, umeme ukaenda, na UPS ilikuwa imechomolewa ili kuchaji simu. Tulichobaki nacho ni bakapu ya siku tatu nyuma na daftari la risiti.

Kwa hiyo nakala kwanza, DBF pamoja na FPT (maandishi marefu) na CDX (faharasa) zake, zote tatu. Na afadhali PACK ifanyike kwenye mashine yenyewe yenye faili kuliko kuivuta kupitia mtandao. Ukiweza, usiifanye kabisa. Nakili walio hai kwenye jedwali jipya, hesabu, linganisha jumla ya salio, ndipo ubadilishe majina:

SET DELETED ON
USE wanachama
COPY TO wanachama_mpya WITH CDX

La zamani linabaki hai mpaka uridhike. Kama jedwali ni mwanachama wa kanzidata ya DBC, njia hii inadai kazi ya ziada, kwa sababu nakala inatoka ikiwa jedwali huru, bila triga wala majina marefu ya sehemu. Hapo PACK ina haki yake.

Mambo mawili zaidi kuhusu PACK. Namba za rekodi hubadilika, kwa hiyo kama kuna programu iliyohifadhi RECNO() mahali kama utambulisho wa mtu (ipo, nimeiona), PACK itamwunganisha kila mtu na mkopo wa jirani yake. Na PACK haiamshi triga yoyote, sawa na ZAP. ZAP yenyewe haiweki kinyota. Inaondoa kila kitu na RECALL haina la kufanya.

"Faili halipungui" na "imekuwa nzito"

DELETE haipunguzi hata baiti moja. Faili moja la FoxPro lina kikomo cha GB 2, na nimekuta jedwali la kumbukumbu za mauzo likikaribia kikomo hicho wakati zaidi ya nusu yake ni vinyota. Maandishi marefu hukaa kwenye FPT, ambayo huvimba hata bila kufuta, kila yanapohaririwa yakawa marefu zaidi. PACK MEMO inashughulikia hiyo peke yake, nayo pia inataka jedwali liwe lako peke yako.

Uzito ni hadithi nyingine. SET DELETED ON inaongeza swali kwenye kila utafutaji: je, hii imefutwa? Bila faharasa ya kulijibu, Rushmore inarudi kusoma rekodi moja moja. Andika SYS(3054,1) kisha endesha SELECT yako. Ikisema partial, ongeza faharasa. Kwenye toleo la 9 kuna aina iliyotengenezwa kwa ajili hii, ndogo kuliko ya kawaida:

INDEX ON DELETED() TAG futwa BINARY

Kwenye matoleo ya zamani, pima kwanza. Jedwali kubwa kwenye mtandao wa polepole, lenye rekodi chache tu zilizofutwa, huwa zito zaidi kwa faharasa ya kawaida ya DELETED(), kwa sababu kila kompyuta inavuta faharasa nzima ili iambiwe kwamba karibu kila mtu yuko hai.

Zinapoonekana nje ya FoxPro

Kinyota ni makubaliano, na siyo kila programu inayasoma kwa namna moja. Kwenye LibreOffice Base, muunganisho wa dBASE una kisanduku cha kuonyesha pia rekodi zilizofutwa. Hakikisha hakijawekewa tiki. Dereva ya ODBC ya Visual FoxPro ina mpangilio wake unaoitwa Deleted, nao ukiwa Yes zinafichwa. Maktaba ya dbfread ya Python huziruka, ila inakupa table.deleted ukizitaka, na hiyo ni njia nzuri ya kuchungulia jedwali la mtu bila hata kuwa na FoxPro.

Hata watu wa ramani wanakutana nacho bila kujua. Shapefile hubeba data yake kwenye DBF, na GDAL, maktaba ya kushughulikia data za ramani, ikifuta umbo inaweka kinyota kwenye DBF huku umbo likibaki kwenye SHP, faili la maumbo, mpaka REPACK ifanyike; matoleo mapya huifanya yenyewe faili likifungwa.

Yule mama mhasibu alinipigia tena miezi baadaye. Mwanachama mmoja aliyejitoa alitaka jina na simu yake visiwepo kabisa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina ya kwake ya 2019, na DELETE haimridhishi mtu wa namna hiyo: faili likifunguliwa kwa Notepad jina lake linasomeka. Nilitumia BLANK kwenye rekodi yake ili data iandikwe juu kwa nafasi tupu, kisha DELETE, kisha, jioni watu wote wakiwa wametoka na UPS imechomekwa, PACK. Nikamuuliza mama bakapu za zamani ziko wapi. Akafungua droo, akatoa flashi saba zilizofungwa kwa mpira wa noti.